Fuata Mzigo Kabla ya Kununua Programu

Kabichi ya Kinale huteremka na barabara kuu ya Naivasha, ikapita Limuru na Uthiru, ikapita pembeni mwa soko la Kangemi, ikavuka Westlands na kuingia katikati ya Nairobi. Ikifika Marikiti, soko ambalo jina lake rasmi ni Wakulima, hupakuliwa, ikabebwa mgongoni, ikahesabiwa, ikauzwa. Alfajiri mama mboga aliyetoka Kangemi anainunua hapo. Anamlipa mbebaji, anamlipa wa mkokoteni hadi stejini, anamlipa makanga nafasi ya gunia, na kabichi inarudi na Waiyaki Way hadi pale pale ilipopita saa chache zilizotangulia. Njiani imebanduliwa majani mara mbili. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea, wote wametoa jasho, na bado mlaji wa Kangemi amelipia safari ambayo haikumwongezea chochote sahanini.

Si kila mama mboga wa Kangemi anafanya hivyo. Wengi hununua kwenye malori yanayopakua hapo hapo sokoni. Na wanaoshuka mjini wana sababu zao: wanataka kuchagua wenyewe, na kwa nauli moja wanapata vitunguu na machungwa kutoka Tanzania pamoja na nyanya za Mwea. Kwa vitunguu sababu hiyo ina nguvu. Kwa kabichi haina. Basi kinachohitajika ni kuzitenganisha hizo bidhaa mbili: vitunguu vifuatwe mjini mara mbili kwa wiki, kwa kuwa havina haraka ya kuoza, na kabichi inunuliwe Kangemi kila siku kwa kiasi cha siku hiyo. Uamuzi kama huo hauhitaji mtaji wala kompyuta. Unahitaji mtu aliyeutazama mwendo wa mzigo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nakuandikia wewe mwenye duka, hoteli, kibanda, duka la dawa au karakana kati ya jiji na mitaa ya magharibi, Westlands hadi Dagoretti. Siku hizi huwezi kumaliza wiki bila kijana nadhifu kukujia na programu ya simu ya kusimamia stoo. Nyingi ni nzuri kweli. Lakini programu inayorekodi safari ya bure itairekodi kwa usahihi tu, haitaifuta. Fuata mzigo kwanza. Chombo kije baadaye, kikiwa na kazi unayoijua.

Fikra hii ya kuondoa upotevu ilikomaa katika viwanda vya Toyota nchini Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chini ya mhandisi Taiichi Ohno. Mwaka 1956 Ohno alizuru Marekani kutazama viwanda vya magari, na kilichomvutia zaidi, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, ni supamaketi. Mteja huchukua anachohitaji, anapokihitaji, kwa kiasi anachohitaji, na rafu hujazwa kile tu kilichotoka. Toyota ikaifanya kila idara kuwa mteja wa idara iliyoitangulia, na kadi ndogo inayosafiri na vipuri ikawa ndiyo oda. Kwa hiyo mwenye duka asidhani anafundishwa mambo ya viwandani. Fikra yenyewe ilichotwa dukani.

Sasa kazi. Chagua bidhaa moja tu, ile inayokuletea pesa nyingi au maumivu mengi. Tuchukue viazi vya hoteli ya chipsi pale Kawangware, maana najua vinavyosumbua. Siku moja, andamana navyo kuanzia vinapofika mlangoni hadi vinapotoka na mteja. Kila vinaposimama, andika mambo matatu kwenye karatasi: vimekaa saa ngapi, nani amevigusa, na kiasi gani kimepotea. Usirekebishe kitu siku hiyo. Mwenye biashara akianza kukemea, wafanyakazi watamfanyia maonyesho, na ataandika maonyesho hayo badala ya kazi yenyewe.

Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba hujui unanunua kiasi gani. Gunia la viazi limekuwa na ugomvi nchini kwa miaka mingi kwa sababu ya lumbesa, ule mshono wa juu unaolirefusha gunia mpaka likawa na kitambi. Kanuni za mwaka 2019 chini ya Sheria ya Mazao zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mkulima wa Nyandarua ndiye aliyekusudiwa kulindwa, na anastahili. Lakini hata wewe mnunuzi unaumia na gunia lisilo na kipimo, kwa kuwa huwezi kulinganisha muuzaji na muuzaji. Nunua mizani. Kama ningeambiwa nichague chombo kimoja cha kuweka katika kila hoteli kuanzia Kirinyaga Road hadi Kangemi, ningechagua mizani kabla ya simu.

Pima mara tatu: gunia lilivyokuja, vilivyotupwa (udongo, vilivyooza, vilivyogeuka kijani), na maganda. Tuseme muuzaji wa kwanza anakupa gunia la kilo 50 kwa shilingi 3,000, na baada ya kutupa na kumenya umepoteza kilo 10. Umebaki na kilo 40 za kukaanga, kila kilo kwa shilingi 75. Muuzaji wa pili anataka shilingi 3,200, lakini viazi vyake ni vikubwa na safi, na hasara ni kilo 6 tu. Kilo 44 zilizobaki zinakuja chini ya shilingi 73 kila moja, na mmenyaji amemaliza mapema. Gunia la bei ya juu ndilo rahisi. Bila mizani ungeendelea kumsifu yule wa kwanza kwa urafiki wake wa kukupunguzia mia mbili.

Kisha tazama vinavyokaa. Viazi vikiachwa kwenye mwanga hugeuka kijani na vinafaa kutupwa, kwa hiyo lile gunia lililo wazi karibu na dirisha linakula pesa zako mchana kutwa. Na kile kipipa cha viazi vilivyomenywa vyote asubuhi, vikingoja majini hadi usiku? Mmenyaji ataona amemaliza kazi yake, lakini mauzo yakilegea hakuna njia ya kuvirudisha kwenye maganda. Menya kwa mafungu: fungu la chakula cha mchana, fungu la jioni watu wanaposhuka kwenye matatu za namba 46, na fungu dogo la mwisho ukishaona hali ilivyo. Kazi ni ile ile, imegawanywa tu kwa mwendo wa wateja.

Mara utakuta tatizo linalojirudia. Hapo uliza kwa nini, na jibu likija uliza tena, hata mara tano, kama walivyozoea Toyota. Chipsi huisha kila Ijumaa saa moja jioni. Kwa nini? Viazi vimeisha. Kwa nini? Tunanunua Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Ndiyo siku pikapu ya jirani inayotubebea hushuka sokoni. Kwa nini tunangoja pikapu hiyo? Tulipoanza hatukuwa na uwezo wa kulipia usafiri wetu. Sasa mnao? Mnao. Kumbe ratiba ya biashara nzima inaamuliwa na umaskini wa miaka iliyopita, na hakuna aliyeikagua tangu hapo. Ungeishia kwenye jibu la kwanza ungemlaumu mpishi.

Sasa tuingie dukani, kwenye kadi. Hesabu hii ni ya unga wa ugali, na inafaa sukari, sabuni, breki pedi na dawa ya kikohozi vile vile. Tuseme unauza pakiti 8 za kilo mbili kwa siku, na ukiagiza, mzigo unafika baada ya siku 2. Katika siku hizo utauza pakiti 16. Ongeza akiba ya siku moja, pakiti 8, kwa ajili ya gari kuchelewa au harambee ya ghafla mtaani. Jumla 24, yaani beli mbili kamili. Zitenge beli hizo mbili chini kabisa ya rafu, uzifunge na utepe mwekundu, na uchomeke hapo kadi ngumu iliyoandikwa jina la unga, idadi ya kuagiza na nambari ya msambazaji. Anayeukata utepe huo, awe ni wewe, shemeji yako au kijana aliyeajiriwa jana, anaichomoa kadi na kuitundika kwenye msumari ulio karibu na kaunta. Jioni unatazama msumari, unapiga simu. Hakuna anayehitaji kukumbuka lolote, wala kuchungulia uvunguni na kukisia.

Kadi hiyo ina uzuri mmoja ambao programu nyingi hazina: inamlazimisha mwenye duka kuujua mwendo wa bidhaa yake. Na mwendo hubadilika. Januari shule zinapofunguliwa, pesa za Kawangware zinaenda kwenye karo na sare. Desemba watu wanasafiri kwao, na mitaa mingine inapungua kabisa. Zipitie kadi zako kila baada ya miezi mitatu na ubadilishe idadi.

Upande wa pili ni bidhaa isiyotembea kabisa. Itafute kwa kidole: pitisha juu ya makopo na uone vumbi liko wapi. Njia ya kudumu ni kibandiko cha rangi, kila mwezi na rangi yake, kinachobandikwa siku mzigo unapoingia. Juni ikifika na bado unaona rangi ya Januari, hiyo ni pesa uliyoikopa kwa riba, au uliyoitoa chamani, inayolala. Iuze kwa bei uliyonunulia, hata chini kidogo. Najua inauma. Lakini shilingi 800 zinazorudi kesho na kununua unga unaozunguka kila siku tatu ni bora kuliko shilingi 1,000 zinazosubiriwa mwaka mzima.

Wenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wametupita wengi wetu hapa, na nasikitika kwamba hawapewi sifa zao. Uliza kifaa cha gari ambacho hakimo dukani, na muuzaji hakuambii hana. Anakukalisha kwenye kiti, kijana anatoka mbio, anarudi nacho kutoka duka la tatu au la orofa ya juu, na wenye maduka wanamalizana baadaye. Luthuli Avenue kwenye vifaa vya umeme ni hivyo hivyo. Mtaa mzima unafanya kazi kama stoo moja, na kila mmoja anaweka rafuni kile kinachotoka kwa kasi kwake, akitegemea jirani kwa kile kinachotoka mara moja kwa mwezi. Wenye maduka ya dawa au ya vifaa vya ujenzi waliojipanga kwenye barabara moja pale Kangemi wanaweza kukubaliana vivyo hivyo. Inahitaji kuaminiana, na daftari la kumalizana kila jioni.

Kwa dawa kuna jambo la ziada ambalo halina mzaha: tarehe ya kuisha muda. Kinachoisha mapema kikae mbele, hata kama kiliingia mwisho. Nchi yetu ilijifunza somo kubwa kuhusu dawa. Kuanzia miaka ya 1980 vituo vya afya vya mashambani vilipelekewa masanduku yaliyofungashwa kwa mpangilio mmoja, kituo cha penye malaria nyingi na cha penye baridi vikapata sanduku linalofanana. Mfumo huo ulifikisha dawa mahali ambapo hazikuwa zikifika, hilo lisisahaulike, lakini ulijaza rafu dawa zisizotumika huku zinazohitajika zikiisha. Baadaye Kenya ikahamia kwenye utaratibu wa kituo kuagiza kinachotumia. Tofauti hiyo, ya kusukumiwa mzigo na kuuvuta mwenyewe, ndiyo kiini cha jambo zima. Msambazaji anapokushawishi uchukue katoni kumi upate ya kumi na moja bure, anakusukumia. Jiulize ungechukua siku ngapi kuziuza kumi.

Usafi na mpangilio wa stoo nao una uzito wake. Tanzania iliuanza utaratibu wa Kijapani wa namna hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, baada ya kujifunza kutoka hospitali ya wanawake ya Castle Street nchini Sri Lanka, na ukaenea katika hospitali nyingine za nchi. Kutenga visivyohitajika, kukipa kila kitu mahali pake, kusafisha, kuandika utaratibu, kuushikilia. Kama wodi yenye wagonjwa imeweza, stoo yako itaweza.

Sasa vyombo. Anza na ulivyo navyo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mauzo yetu yamekuwa yakiacha alama, na taarifa ya till yako inaonyesha kila malipo kwa saa na dakika. Ichukue ya mwezi mmoja, uone saa za wateja wengi na siku za ukame. Ukishaujua mchoro huo utajua lini mzigo ufike na lini kijana wa pili awepo dukani. Mawakala wa M-Pesa, kwa taarifa yako, ni walimu wazuri: kila siku wanapima pesa taslimu dhidi ya floti, wanajua Ijumaa ya mwisho wa mwezi inataka nini, na wanajaza kabla haijaisha. Risiti za eTIMS unazopokea kwa wasambazaji nazo usizitunze kwa ajili ya KRA peke yake. Zinakwambia bei ilivyobadilika na nani alichelewa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari ya maduka yetu hayajakosekana, ila karibu yote huandika madeni ya wateja. Ongeza ukurasa mmoja: vilivyoulizwa na havikuwepo. Mteja akiuliza mtindi wa nusu lita na huna, chora mstari. Wiki mbili baadaye ukurasa huo utakuambia kitu ambacho hakuna rekodi ya mauzo inayoweza kukuambia, kwa sababu kisichouzwa hakiachi risiti.

Baada ya hapo, ukiwa na duka la pili au bidhaa zaidi ya mia chache, tafuta programu. Iulize maswali mawili: je, inakupa takwimu zako uzihamishe ukitaka kuondoka? Inafanya kazi intaneti ikikatika? Na kwa kampuni zinazokuletea mzigo kwa oda ya simu, zitumie kwa furaha ila usizitegemee peke yake. Twiga Foods ilianza mwaka 2014 na ndizi, ikawafikia wachuuzi wa Nairobi vibandani mwao, na ilitufundisha kwamba oda nyingi ndogo zikiunganishwa zinaweza kufupisha njia kati ya shamba na kibanda. Baadaye ikalazimika kupunguza wafanyakazi. Copia, iliyokuwa na mawakala wengi madukani, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Kupeleka vifurushi vidogo mtaa kwa mtaa ni kazi ghali. Baki na angalau msambazaji mmoja unayemjua kwa sura.

Hapo hapo nitoe onyo kwa wanaopenda fikra hii kupita kiasi. Akiba si upotevu kila mara. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikata barabara, Juni mwaka huo maduka ya katikati ya jiji yalifungwa kwa maandamano, na tarehe 7 Julai 2025 njia za kuingia mjini zilizibwa. Aliyekuwa na unga wa siku moja alifunga mlango. Kinachotoka mbali, au kinachopitia katikati ya jiji, kiwekee akiba ya siku kadhaa zaidi. Kinachotoka Kikuyu na Limuru hakihitaji, na kinachooza hakiwekeki hata hivyo. Amua bidhaa kwa bidhaa.

Kwa watu wako wa kazi, tenga robo saa kila Jumatatu. Waulize nini kiliisha wiki iliyopita, nini wamekiinua mara mbili, nini kinawazuia. Kijana anayepanga rafu anajua mambo kuhusu stoo yako ambayo wewe hujui, na wa mkokoteni anajua ni mlango gani wa soko unaopoteza saa nzima. Chagua jambo moja, likamilike kabla ya Ijumaa, na aliyelitaja atajwe mbele ya wenzake. Ukipuuza majibu mara mbili, hutaletewa la tatu.

Limebaki deni. Kuna wanaodhani kupunguza mzigo ni kumwachia msambazaji abebe: abaki na mali yake, alete kidogo kidogo, alipwe baada ya siku 90. Huko ni kumtwika mwenzako, na mwisho wake tumeuona. Rafu za Nakumatt zilipoanza kuwa tupu mwaka 2017, sababu mojawapo ilikuwa wasambazaji waliochoka kutolipwa. Mwaka 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe, na wasambazaji wengi walienda na hasara zao nyumbani. Ukitaka mtu akuletee nusu ya mzigo mara mbili kwa wiki badala ya mzigo mzima mara moja, mlipe siku mliyokubaliana. Pesa unazozitoa kwenye bidhaa zilizolala ziende huko kwanza, kabla ya kupaka duka rangi. Kisha mwombe ratiba mpya siku ile ile anapopokea malipo yake, ukiwa na oda za wiki mbili zijazo umeziandika tayari.